Kuridhika na Kupona: Mwongozo kwa Majeruhi wa Ajali ya Barabarani Katika Tiba ya Jadi ya Korea

Jamhuri ya Korea, ambayo wengi huiita Korea Kusini, ina matawi mawili ya utabibu yaliyotambuliwa na sheria tangu 1951: udaktari wa kisasa, na tiba ya jadi ya nchi hiyo iitwayo hanuihak. Watabibu wa tawi hili la pili, hanuisa, husoma chuo kikuu kwa miaka sita, hufanya mtihani wa taifa na kupewa leseni yao ya pekee, na hufanya kazi katika zahanati na hospitali zenye wodi, mafaili na makarani wa bima kama hospitali nyingine yoyote. Elimu yao ina mizizi ya kale, kwani kitabu chake mashuhuri zaidi, Dongui Bogam cha tabibu Heo Jun, kilichapishwa 1613 na kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009. Hata hivyo msomaji wa Afrika Mashariki hatakuwa sahihi akimweka hanuisa fungu moja na mganga wa kienyeji, kwa kuwa hanuisa yumo ndani ya mfumo rasmi wa afya, anawajibika kwa sheria ileile ya tiba inayomhusu daktari, na malipo yake hupitia bima.

Ni katika ajali za barabarani ambako tawi hili limepanuka kwa kasi kuliko kwingine. Bima ya magari ilianza kulipia matibabu yake mwaka 1999, na ilipofika 2021 fedha zilizolipwa na bima hiyo kwa tiba ya jadi, takriban won trilioni 1.3, zilikuwa zimezipita zile zilizolipwa kwa udaktari wa kisasa. Wagonjwa nao wakiulizwa, wengi husema wameridhika: katika tafiti za kitaifa kuhusu matumizi ya tiba ya jadi, zinazofanywa kwa niaba ya Wizara ya Afya na Ustawi, zaidi ya watu saba kati ya kila kumi walioitumia wametoa jibu hilo. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtu aliyeumia ajalini nchini humo, awe mwanafunzi, mfanyakazi au msafiri, na anayetaka kujua sifa hizo zina uzito gani kwake. Kuridhika ni ushahidi mzuri wa jinsi mgonjwa alivyohudumiwa, lakini ni ushahidi dhaifu wa kwamba huduma hiyo ndiyo iliyomponya, na mgonjwa anayeyatenganisha mambo haya mawili tangu siku ya kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kunufaika na tiba na ya kutambua wakati wa kuiacha.

Yanayotangulia uchaguzi wa tabibu

Tiba ya jadi ya Korea, kwa majeruhi wa ajali, ni tiba ya maumivu ya misuli, mishipa na viungo baada ya hatari ya kifo au ya kupooza kuondolewa. Haina nafasi katika saa za mwanzo za jeraha kubwa. Aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anayetapika, anayeumwa kichwa kwa namna inayozidi, anayehisi ganzi au udhaifu mikononi au miguuni, anayeshindwa kuzuia haja, au mwenye maumivu makali ya tumbo au kifua, anapaswa kupelekwa kwenye idara ya dharura ya hospitali ya kisasa kwa gari la wagonjwa, ambalo nchini Korea huitwa kwa namba 119.

Kuhusu shingo, madaktari wa nchi nyingi hutumia kanuni iliyotungwa Kanada na kuchapishwa 2001, ambayo humsaidia daktari kuamua nani anahitaji picha ya eksirei. Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, aliyepata ajali ya kishindo kikubwa, au mwenye ganzi na hisia za kuchomwachomwa viungoni, hupigwa picha bila mjadala. Asiye na dalili hizo, aliyegongwa kwa nyuma katika mwendo wa kawaida na aliyeweza kutembea baadaye, huombwa kuigeuza shingo nyuzi 45 kila upande, na akiweza, kwa kawaida picha haihitajiki. Kanuni hii si ya mgonjwa kujipima mwenyewe nyumbani. Imeelezwa hapa ili ajue ni maswali gani anapaswa kuwa ameulizwa kabla ya mtu yeyote, wa tawi lolote, kuishika shingo yake na kuikunja.

Hapa mpangilio wa hospitali una umuhimu wa kiutendaji. Kwa muda mrefu hanuisa wamezuiwa kutumia vifaa kadhaa vya uchunguzi vya udaktari wa kisasa, na ingawa Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2022 kwamba mtabibu wa jadi kutumia altrasaundi si kosa la jinai, mipaka ya jambo hili bado inabishaniwa. Tangu 2010, hata hivyo, sheria imeruhusu hospitali za upande mmoja kuajiri madaktari wa upande wa pili, kwa hiyo zipo hospitali za tiba ya jadi ambamo daktari wa kisasa husoma picha ghorofa moja na hanuisa hudunga sindano ghorofa nyingine. Kwa majeruhi ambaye bado hajapigwa picha, hospitali ya namna hiyo inafaa kuliko zahanati ndogo, hata kama zahanati iko karibu na nyumbani.

Kinachofanyika chumbani

Jeraha linalowapeleka watu wengi kwa hanuisa ni mteguko wa shingo au wa kiuno: gari linapogongwa kwa nyuma, kiwiliwili husukumwa mbele pamoja na kiti huku kichwa kikibaki, kisha kichwa nacho hutupwa, na nyuzi laini zinazoshikilia pingili hunyooshwa kupita kiasi. Mara nyingi picha haionyeshi kitu. Mgonjwa huambiwa na daktari wa kisasa kwamba mifupa ni mizima, hupewa vidonge vya maumivu na kuruhusiwa kwenda, na hurudi nyumbani akiwa na shingo iliyokakamaa, usingizi wa mang'amung'amu, kizunguzungu na hofu ya kuingia garini. Mkusanyiko huu wa dalili Wakorea huuita huyujeung, yaani madhara yanayobaki baada ya tukio, na hapo ndipo tiba ya jadi inapoingia, kwa sababu inayo maelezo mahali ambapo picha imenyamaza.

Maelezo hayo yamejengwa juu ya dhana ya eohyeol, damu iliyotuama. Katika nadharia ya hanuihak, kishindo huvuruga mzunguko wa damu na wa gi, nguvu inayosemwa kupita katika njia maalumu za mwili, na damu iliyosimama husababisha maumivu yanayokaa mahali pamoja, yanayozidi usiku na yanayoambatana na weusi wa ngozi au madoa kwenye ulimi. Dhana hii haina kipimo cha maabara kinacholingana nayo moja kwa moja, na mgonjwa halazimiki kuiamini ili atibiwe. Inamsaidia tu kuelewa kwa nini anaangaliwa ulimi na kushikwa mapigo ya mkono ilhali kinachouma ni shingo.

Baada ya uchunguzi huo hufuata mchanganyiko wa tiba, na ni nadra mgonjwa wa ajali kupewa moja peke yake. Sindano nyembamba za akupancha huachwa mwilini kwa takriban robo saa, wakati mwingine zikiunganishwa na mkondo mdogo wa umeme. Kuumika, ambako watu wa pwani ya Waswahili wanakujua pia kwa jina la chuku au hijama, hufanywa kwa vikombe vya kunyonya ngozi, vikavu au baada ya kutoboa kidogo ili damu itoke, na huacha miduara myekundu isiyopaswa kumtisha aliyewahi kumwona mtu aliyeumikwa. Moksa ni majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi ili kuipasha moto. Yakchim ni dondoo ya mitishamba, na mara nyingine sumu ya nyuki iliyosafishwa, inayodungwa kwa kiasi kidogo kwenye sehemu maalumu za mwili. Chuna ni kunyoosha na kurekebisha viungo kwa mikono. Bima ya afya ya taifa ilianza kuilipia Aprili 2019, ingawa bima ya magari ilikuwa ikiilipia kabla ya hapo.

Juu ya yote huja dawa ya kuchemsha, ambayo mgonjwa hupewa katika pakiti zilizofungwa tayari kunywewa. Kwa majeruhi dawa inayojulikana sana ni Dangguisu-san, mchanganyiko wa mzizi wa danggui, kartamu, kokwa ya pichi, mdalasini na viungo vingine vinavyosemwa kuondoa damu iliyotuama. Bima ya afya ya kawaida kwa sehemu kubwa hailipii dawa za kuchemsha zinazotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja, lakini bima ya magari huzilipia, na tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu mahali wagonjwa wa ajali wanakokwenda.

Jinsi ya kusoma kuridhika kwa wengine

Avedis Donabedian, mwanazuoni aliyeweka msingi wa elimu ya ubora wa huduma za afya, alipendekeza mwaka 1966 kwamba ubora utazamwe katika sehemu tatu: muundo, yaani majengo, vifaa na watu, mchakato, yaani yale yanayofanywa kwa mgonjwa, na matokeo, yaani hali ya mgonjwa baadaye. Hojaji ya kuridhika huzikusanya sehemu zote tatu katika alama moja, na msomaji anayeona alama hiyo katika tangazo au ripoti anapaswa kuifumua tena.

Inapofumuliwa, mchakato ndio unaoonekana kubeba sehemu kubwa. Hanuisa huzungumza na mgonjwa, humgusa, humrudia mara mbili au tatu kwa wiki, huuliza habari za usingizi na tumbo, na hulichukua kwa uzito lalamiko ambalo kwingine limeitwa dogo. Haya si mapambo, kwa kuwa mtu aliyetishwa na ajali anahitaji kusikilizwa, na udaktari wa kisasa wenye foleni ndefu una la kujifunza hapo. Ila mgonjwa anayesema ameridhika kwa sababu alisikilizwa hajasema bado kwamba shingo yake inageuka.

Jambo la pili ni malipo. Majeruhi anayetibiwa kwa bima ya magari kwa kawaida hachangii chochote dirishani, na ni vigumu kulalamikia gharama ya kitu ambacho mtu hakulipia. Kampuni za bima zimedai kwa miaka mingi kwamba hali hii huwavuta wenye majeraha madogo kulazwa na kupewa kila aina ya tiba kwa pamoja, na watabibu wamejibu kwamba wagonjwa huwajia kwa hiari yao na huondoka wakiwa wameridhika. Pande zote mbili zina maslahi katika ubishi huu, na alama ya kuridhika haiwezi kuwa mwamuzi, kwa sababu ndiyo inayotarajiwa kuwa juu iwe upande huu una haki au ule.

Jambo la tatu, na zito kuliko yote, ni muda. Majeraha ya shingo ya namna hii hupungua yenyewe, na nafuu kubwa huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa mapitio ya kimataifa yaliyochapishwa 2008 yalikadiria kwamba karibu nusu ya majeruhi bado huwa na dalili fulani baada ya mwaka. Mgonjwa anayeanza tiba katika wiki ambayo maumivu yamefika kileleni, kama wengi wanavyofanya, atakuwa na nafuu wiki nne baadaye hata kama angetibiwa kwa kitu kisicho na nguvu yoyote, na nafuu hiyo ataiandika kwa jina la tabibu. Hojaji inayojazwa siku ya kutoka wodini, mbele ya wauguzi wale wale waliomhudumia, haiwezi kutofautisha mambo haya; wala haiwaulizi wale walioacha tiba katikati na hawakurudi, ambao huenda ndio wasioridhika.

Kinachoweza kutofautisha ni jaribio la kitabibu ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi mawili yanayotibiwa kwa njia tofauti. Majaribio ya namna hiyo yapo nchini Korea, na lililofahamika zaidi lilichapishwa 2021 likiwahusisha wagonjwa 108 wa maumivu sugu ya shingo: waliopewa chuna walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa dawa na tiba ya umeme. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini wagonjwa walijua wanapewa nini, na walikuwa watu wenye maumivu ya muda mrefu, si majeruhi wa wiki iliyopita.

Kuna pia athari ya fidia yenyewe. Katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, sheria ilibadilishwa Januari 1995 ili majeruhi wasilipwe tena kwa ajili ya maumivu na mateso, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba madai ya majeraha ya shingo yalipungua kwa asilimia 28 na madai yaliyobaki yalifungwa mapema zaidi. Si lazima kuhitimisha kwamba waliokuwa wakidai walikuwa waongo. Inatosha kutambua kwamba mazingira ya madai, mawakili na kusubiri huingia katika namna mtu anavyoyasikia maumivu yake, na kwamba alama ya kuridhika inayokusanywa kabla ya fidia kulipwa hubeba na hayo.

Kujipima mwenyewe

Kwa hiyo mgonjwa asitegemee hojaji ya hospitali, bali ajiwekee kumbukumbu mbili tangu siku ya kwanza. Ya kwanza ni kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, kinachoandikwa kila jioni saa ile ile. Tofauti ya alama mbili hivi ndiyo ambayo watafiti wengi huihesabu kuwa na maana, na kupungua kwa nusu alama baada ya kikao kimoja si kitu cha kushangilia. Ya pili ni kazi za mwili. Kielezo cha ulemavu wa shingo, kilichochapishwa 1991 na kinachotumika sana katika hospitali za Korea, kina maswali kumi kuhusu kusoma, kulala, kuendesha gari, kuinua mizigo na mengineyo, na jumla yake ni alama 50. Mgonjwa anaweza kuomba ajaze nakala na apewe matokeo yake. Asiyepata nakala achague mambo matatu aliyoyaweza kabla ya ajali, kama kugeuka kutazama nyuma anapoendesha, kuchuchumaa kufua, au kukaa darasani saa mbili, na aandike kila wiki kama ameyarudia.

Kuridhika nako kuandikwe, lakini kwenye ukurasa wake: je, tabibu alieleza anachofanya, aliuliza ruhusa kabla ya kudunga au kunyoosha, alikuwa na mkalimani, alijibu maswali? Safu hizi mbili zikitofautiana, mgonjwa ana habari muhimu mkononi. Mwenye huduma nzuri na maumivu yasiyoshuka baada ya wiki tatu au nne hana sababu ya kuona haya kuomba uchunguzi mpya au rufaa kwa daktari wa mifupa au wa neva. Anayepata nafuu ya haraka kwa tabibu mkavu wa maneno naye hana haja ya kuhama.

Usalama unadai umakini wa pekee. Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, mjamzito, mwenye mifupa dhaifu, na aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, wanapaswa kusema hivyo kabla ya jambo lolote, bila kusubiri kuulizwa, kwa kuwa danggui inaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, kartamu na kokwa ya pichi huepukwa katika ujauzito, chuna haifai penye mvunjiko au mifupa inayomomonyoka, na sumu ya nyuki imewahi kuua watu wenye mzio. Maumivu mapya makali ya shingo, kizunguzungu kinachoambatana na kuona vitu viwili, au ganzi ya uso baada ya kunyooshwa, ni sababu ya kupiga 119, si ya kusubiri kikao kijacho.

Bima, mapatano na karatasi

Utaratibu wa malipo ni huu: bima ya upande uliosababisha ajali hufungua dai la majeruhi na kutoa namba, mgonjwa huionyesha namba hiyo hospitalini, na hospitali huidai kampuni moja kwa moja; tangu Julai 2013 madai hayo hukaguliwa na taasisi ya serikali ya tathmini ya bima ya afya, HIRA. Dereva akikataa kufungua dai, majeruhi anaweza kuidai kampuni mwenyewe kwa kutumia hati ya polisi inayothibitisha ajali pamoja na hati ya daktari, na aliyegongwa na gari lililokimbia au lisilo na bima ana mpango wa fidia wa serikali. Majeraha hupangwa katika madaraja 14, la kwanza likiwa zito zaidi, na mteguko wa shingo huangukia daraja la 12. Kanuni zilizoanza Januari 2023 zinamtaka mwenye daraja la 12 hadi 14 kupeleka hati mpya ya daktari ikiwa tiba itapita wiki nne, na zinamwachia sehemu ya gharama zinazovuka kiwango kulingana na kosa lake katika ajali. Aliyekuwa akiendesha gari asidhani, basi, kwamba kila kitu ni bure.

Mwisho wa safari hii rasmi huitwa hapui, mapatano: kampuni hutoa kiasi cha fedha, majeruhi hutia saini, na kwa kawaida tiba ya baadaye haitalipiwa tena. Ofisa wa bima anaweza kupiga simu mapema, akiwa mpole na mwenye haraka. Haki ya kudai hudumu miaka mitatu, kwa hiyo hakuna sababu ya kutia saini wakati kumbukumbu za maumivu bado zinapanda na kushuka, wala kusaini karatasi ya Kikorea ambayo haijasomwa na mtu anayeielewa. Kituo cha serikali cha habari kwa wageni, namba 1345, hutoa msaada wa lugha kadhaa.

Anayerudi nyumbani kabla ya kupona aombe nakala ya faili, picha katika diski, na orodha ya mimea yote aliyopewa ikiwa na majina ya Kilatini, kwa sababu daktari wa Muhimbili au wa Mombasa atakayempokea hataweza kukagua mwingiliano wa dawa kwa majina ya Kikorea peke yake.